Mjusi Kichwani mwa Masika

Nilipokuwa mtoto, katika laini za polisi, zile nyumba za safu za askari, pale Kasese, dada yangu Masika alikuwa na sahani yake peke yake. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu, na Baba alikuwa ameitoboa ukingoni kwa msumari ili mtu asije akaichanganya na zetu. Ilitundikwa nje, kwenye ukuta wa jiko, pamoja na kikombe chake. Mvua ikinyesha, sahani na kikombe vilinyeshewa. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtoto huona kawaida kila anachokikuta duniani. Leo nikiikumbuka ile sahani ikichuruzika maji ukutani, damu hunichemka.

Masika alikuwa na kifafa. Alinizidi miaka kama minne, msichana mrefu, mweusi, mcheshi kupita sisi wote nyumbani, na alijua kuigiza mwendo wa kila askari wa kambi mpaka Mama akacheka machozi. Lakini akianguka, hakuna aliyemgusa. Waliamini povu la mtu wa kifafa likikurukia, nawe umekwisha. Hata pumzi yake waliikimbia. Akiangukia moto, aachwe hapo hapo mpaka atulie, maana anayemwokoa anauchukua ugonjwa. Msidhani natia chumvi. Dada yangu alikuwa na kovu la kuungua kutoka kiwiko hadi kiganja, na siku alipolipata palikuwa na watu wazima watano wamesimama jikoni, wote wazima wa mikono na miguu. Mama hakuwapo. Angekuwapo, kovu lile lisingekuwa refu hivyo.

Asubuhi moja Masika alianguka kwenye bomba la maji la laini, mbele ya wanawake wote na madebe yao. Mke wa sajenti, tuliyemwita Mama Sajenti, alikuwa amekwisha kujaza debe lake. Alilimwaga lote, akalisugua kwa mchanga, akatema mate, akaondoka bila hata kumtazama mtoto aliyelala kwenye tope. Jioni ile ile sajenti akaja mlangoni petu.

"Konstebo! Hii mutoto yako ataharibu laini yangu. Toa yeye hapa."

"Ndiyo, afande," Baba akajibu.

Baba alikuwa mtu wa Teso, mwenye sauti nene nyumbani. Mbele ya sajenti sauti ile ilikonda. Sikumsamehe kwa lile "ndiyo" hadi alipozeeka, na hata hapo nilimsamehe kwa sababu ya uzee tu.

Kabla hatujaondolewa, Baba alimpeleka Masika kwa dresa, kama tulivyowaita wagawa dawa wa siku zile. Akarudi na vidonge vingi vyeupe vilivyofungwa kwenye karatasi. Dresa alikuwa amempa maagizo, na Baba aliyarudia mbele yetu sote kama askari anayerudia amri: moja asubuhi, moja jioni, asiache hata siku moja, akiacha ugonjwa unarudi na hasira. Basi. Hayo ndiyo yote tuliyoambiwa. Dresa hakusema kwamba wako watu ambao mwili wao huikataa dawa ile. Hakusema kwamba homa ikiingia na ngozi ikianza kuwaka, tupa vidonge, kimbia hospitali. Labda naye hakujua. Lakini mtu asiyejua, kwa nini aseme kwa sauti kubwa hivyo "asiache hata siku moja"?

Mama akatupeleka Bwera kwa mama yake, bibi yetu tuliyemwita Nyanya. Masika apelekwe kwa sababu amefukuzwa, mimi nimsindikize ili asiwe peke yake. Tukapanda basi na mabunda yetu, na sahani ile ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chake mbali na chakula cha safari. Mama alilala kwa mama yake kisha akarudi Kasese kwa mumewe na kwa kaka zetu wadogo.

Nyanya alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa mlimani na biashara ya chumvi na samaki mpakani. Kwa kuwa Kikonzo, lugha yake, kwetu sisi watoto wa kambi kilikuwa cha kuokoteza, alisema nasi kwa Kiswahili chake cha soko la Mpondwe, nusu cha huku, nusu cha Kongo. Alikuwa hodari, mchapakazi, mkali kwa wezi na wavivu. Nilimpenda sana, na ndiyo maana hasira yangu kwake haijaisha. Kitu cha kwanza alichofanya tulipofika ni kuuliza sahani ya Masika iko wapi, akaitundika nje.

Ni yeye aliyetueleza habari za mjusi. Tulikuwa tunachambua kahawa uani, Masika amekaa upande wake, mimi na Nyanya upande wetu.

"Iko mujusi ndani ya kichwa yake," Nyanya alisema, akizungusha kidole hewani. "Inazunguka, inazunguka. Ikilala, mutoto anatulia. Ikikimbia, mutoto anaanguka."

"Na itatoka namna gani, Nyanya?" Masika akauliza. Aliuliza polepole, mikono imesimama juu ya kahawa.

"Siku ikitoka, itatoka na ngozi. Mujusi hawezi kuhama bila kuvua ngozi. Utavua kama yeye, halafu utakuwa mutu."

Utakuwa mtu! Alimwambia hivyo mtoto aliyekuwa mbele yake, anapumua, ana jina. Masika hakukasirika. Niliona anayahifadhi yale maneno, na kuanzia hapo vidonge alivimeza bila kukumbushwa. Nyanya ndiye aliyevitunza, ndani ya kibuyu kidogo juu ya kitanda chake, akimtolea asubuhi na jioni.

Na vidonge vilifanya kazi, siwezi kukataa. Wiki zilipita Masika hajaanguka. Alianza kwenda kisimani mwenyewe. Siku moja alipanda mti wa avokado, jambo alilokatazwa tangu utoto, akakaa juu akiigiza sajenti anavyokagua gwaride. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Hiyo ndiyo siku ninayoichagua nikitaka kumkumbuka, kwa sababu zilizofuata zinanitia uchungu.

Ilianza kama malaria. Mwili ukamchemka, macho yakawa mekundu, midomo ikavimba. Shingoni pakatokea tezi zilizoonekana hata ukiwa mbali. Kisha upele, kwanza kifuani, halafu usoni, halafu kila mahali, na upele ukawa malengelenge. Asubuhi moja Nyanya alikuwa anamsaidia kuvua gauni, na ngozi ya mgongo ikatoka na gauni. Ilitoka kipande kizima, laini, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka.

Mtu mwingine angepiga mayowe. Nyanya alipiga vigelegele.

"Inatoka! Inatoka! Nilisema miye! Wewe, Biira, kimbia kuita bantu, bote bakuje baone!"

Biira ni mimi. Nilikimbia, kwani nilitumwa, na nilikimbia kwa furaha. Majirani wakaja wakajaa uani, wakamtazama Masika aliyesimama amejifunika kanga, akitetemeka kwa homa. Maneno ya Nyanya yalikuwa yametimia sawasawa, hata kipofu angeona. Alikuwa amesema ngozi, na ngozi hiyo hapo mkononi mwake. Nani angebishana naye? Ningekuwa mtu mzima siku ile, huenda nami ningepiga vigelegele, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika habari hii.

Kisha Nyanya akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfanyia dada yangu mbele ya macho yangu. Alipika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa samaki, akaweka vyote kwenye sinia moja katikati ya mkeka. Akamshika Masika mkono, mkono ule wenye vidonda, akamkalisha pembeni yake.

"Leo anakula na siye."

Wanawake wakasogea, wakanawa, wakakata tonge kwenye sinia lile lile. Mmoja alimtia samaki mdomoni kwa vidole vyake. Midomo ya Masika ilikuwa imepasuka na ndani ya kinywa palikuwa vidonda vitupu, kumeza kulimtoa machozi, lakini alikula. Alikula kila alichopewa. Nilikuwa nimekaa mbele yake na nilimwona anavyowatazama watu wale mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba aliyokuwa akiichungulia dirishani miaka yote. Sijaona furaha kama ile tena, na ilikuwa katika uso unaobambuka.

Kwa hiyo hakuna aliyeacha dawa. Waiache vipi? Ndiyo iliyokuwa ikimtoa mjusi. Tena Nyanya aliamua kuongeza, akawa anampa viwili viwili, akisema mjusi amechoka, tumsukume. Na maji akayapunguza. Mjusi, alisema, akisikia maji hurudi kunywa, basi mtoto apewe ya kulowanisha ulimi tu mpaka kazi iishe. Nilimchotea maji kwa kikombe nikampelekea kwa siri alipokuwa amelala juu ya majani ya mgomba, maana shuka lilikuwa linamganda. Alitikisa kichwa.

"Nenda nayo," alininong'oneza. "Kidogo tu inabaki. Usiniharibie."

"Unaumwa?"

"Naumwa sana. Lakini jana Nyanya alinishika shavu, uliona?"

Niliona. Nikamwaga maji nje.

Mkojo wake ukapungua, ukawa mweusi kama chai iliyosahaulika motoni, kisha ukawa hauji. Uso ukamvimba, miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nyanya alisema ni nyama mpya inakuja chini ya ngozi mpya. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, Nyanya yangu. Kila dalili ya kifo ilipofika mlangoni, yeye aliipokea kama mgeni wa harusi.

Akamtumia Mama habari njema kwa dereva wa lori la kahawa: Masika anapona, njoo na gauni jipya na kuku wa shukrani. Mama akaja na gauni jipya na kuku wa shukrani. Naikumbuka rangi ya gauni lile, njano yenye maua madogo, na namna Mama alivyoshuka barabarani akiwa amependeza. Aliingia ndani. Kuku alimponyoka akaruka juu ya vyungu, na hakuna aliyemfukuza.

"Mama, mutoto anakufa hapa, na wewe unacheka?" Mama akamwuliza Nyanya.

"Anavua! Muache amalize! Ukimutoa sasa, mujusi inarudi."

"Irudi!" Mama alipiga kelele. "Irudi na mukia yake, na watoto yake yote! Miye nataka mutoto yangu!"

Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyosikia katika utoto wangu. Nyanya alisimama mlangoni akatandaza mikono kuzuia njia, na Mama, aliyelelewa kupiga magoti akimsalimia mama yake, alimsukuma bega akapita. Dereva yule yule wa lori alimlaza Masika juu ya magunia ya kahawa, kwa majani ya mgomba na shuka juu. Nyanya alikuja pia. Alipanda nyuma bila kualikwa, kibuyu cha vidonge kifuani, akakaa upande wa kichwa cha mjukuu wake akimpungia nzi safari nzima.

Katika hospitali ya misheni, njiani kurudi Kasese, daktari alikuwa kijana mwembamba, mgeni wa sehemu zetu. Alimtazama Masika, akainua shuka polepole. Kisha akauliza amekunywa nini. Nyanya akatoa kibuyu kwa fahari. Daktari akamwaga vidonge kiganjani, akavitazama.

"Na ngozi ilipoanza kutoka, mliendelea kumupa?"

"Niliongeza," Nyanya alisema.

Daktari alifumba macho. Halafu akatueleza, kwa Kiswahili cha kubabaisha lakini tulimwelewa vizuri mno. Hakuna mjusi. Mwili wa mtoto huyu umeikataa dawa, umeikataa kwa nguvu zote, umejichoma nje na ndani. Ngozi tunaiona. Lakini ndani figo nazo zimeumia, hazichuji tena, ndiyo sababu mkojo haupo na uso umevimba. Dawa ile ni nzuri kwa wengi, alisema, na kwa wachache ni hatari, na huyu ni mmoja wa wachache. Angeletwa siku ya upele wa kwanza, angesimama kwa miguu yake.

Nataka nimtendee haki daktari yule na vidonge vile. Jirani yangu wa sasa hapa Rukoki anavimeza miaka mingi kwa kifafa chake, analima pamba yake Karusandara, hana neno. Sisemi kidonge ni sumu. Ninachosema ni kwamba leo mtu akinipa dawa yoyote, hata ya kichwa, namuuliza: nikiona nini niache? Wengine hukunja uso, wanaona mama huyu ana ubishi. Wakunje.

Walimwachisha Masika vidonge na kumpaka mafuta na kumpimia maji kwa kijiko, kwa kuwa sasa hata maji yalikuwa hayana pa kwenda. Masika alidhani Nyanya alikuwa sahihi hata katika hilo la maji. Wodini Nyanya alikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake amemshika mkono, akimlisha uji kwa vidole kila alipoweza kumeza, mbele ya wagonjwa wote. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na sipendi kumpunja mtu hata nikiwa namchukia.

Alasiri moja, jua likiwa kali madirishani, Masika alianguka. Nasema alianguka kwa mazoea tu, maana alikuwa amelala. Mwili ukakakamaa, macho yakapinda, povu likatoka na damu ya vidonda vya kinywa. Wagonjwa wa jirani wakashuka vitandani, wakakimbilia ukutani wakivuta shuka zao. Mama na muuguzi wakamshika.

Na Nyanya akautoa mkono wake. Aliutoa haraka, kama aliyegusa jiko, akaufuta kwenye gauni, mbele na nyuma, akarudi hadi mlangoni.

Masika alizinduka mapema kuliko tulivyozoea. Alifumbua macho mekundu yale akatafuta pale Nyanya alipokuwa amekaa. Akaona kiti kitupu. Akatazama, akamwona mlangoni, mkono bado uko kwenye gauni. Masika alinigeukia mimi.

"Biira, imerudi?"

"Haijarudi," nilimwambia. "Daktari anasema haikuwapo."

"Basi mbona yuko kule?"

Jibu la swali lile nimelitafuta ukubwa wangu wote bila kulipata. Hakukubali tena uji, hata kutoka kwa Mama. Figo hazikuamka, na mashine za kusafisha damu zilikuwa hadithi za nchi nyingine. Alipatwa na kwikwi zisizokatika, kisha usingizi, akatutoka asubuhi, Mama akiwa amemkumbatia kifua kwa kifua, povu na vidonda na vyote. Alivaa gauni la njano siku moja tu, ndani ya sanduku.

Tulimzika Bwera. Baada ya mazishi Nyanya alitaka sahani ya bati na kikombe vitupwe porini, kama ilivyo desturi kwa vyombo vya mtu wa kifafa, ili ugonjwa usibaki nyumbani. Kikombe alikitupa kweli. Sahani Mama aliichukua kwenye ukuta, akaiweka mbele ya mama yake, akapakua bundu humo, akala peke yake mpaka ikaisha, waombolezaji wakimtazama. Kisha akailamba. Toka siku hiyo hakupiga magoti tena kumsalimia Nyanya, na Nyanya hakumdai.

Watu huniambia Nyanya alimpenda Masika kwa kadiri alivyojua. Nakubali. Alimpenda katika zile siku alizodhani amekuwa mtu. Mapenzi ya namna hiyo siyataki, hata yangekuja na vigelegele. Mimi sikumchukia kwa sababu ya mjusi, wala vidonge viwili viwili, wala maji. Hayo alifanya akitaka kuponya. Ninamchukia kwa sababu ya mkono, na amekufa miaka mingi, na bado.

Sahani ninayo. Rangi imebanduka hapa na pale, tundu la msumari limeshika kutu. Sijaitundika nje hata siku moja. Mgeni akija kwangu namweleza habari yake yote kama nilivyoieleza hapa, kisha nampakulia chakula humo, nami nakata tonge humo humo. Wengi hula. Wachache husita, huuliza kama nimeiosha vizuri, mkono wao ukianza kurudi polepole kwenye nguo. Hao nawapa sahani nyingine, nzuri, ya kauri. Wanakula, wanashukuru, wanaaga, na siwaiti tena.